Kusoma Kiwiko

Barua ya kiwanda ilisema kwamba Wekulo alisikia. Ilisema hivyo mara tatu katika ukurasa mmoja. Mfanyakazi alisikia amri ya msimamizi ya kusimamisha mashine. Mfanyakazi, akiwa amesikia, aliendelea na kazi, na kalibu ya chuma ikapasuka. Na kwa kuwa masikio ya mfanyakazi yamepimwa miaka sita mfululizo na kukutwa mazima, kiwanda hakina budi kuamini kwamba kusikia alisikia, na alichofanya ni ukaidi. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Bwana Githinji, afisa wa wafanyakazi, na siku ya kikao: Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kantini.

Everline Nabiswa aliisoma akiwa bado na mkoba begani. Mumewe alimnyooshea kabla hata hajavua viatu, kisha akarudi kukaa mbele ya televisheni iliyokuwa ikinguruma kiasi cha kutikisa vikombe kabatini. Everline aliinama akaipunguza sauti.

"Na ulisikia?" akamuuliza.

"Nini?"

"Nimesema, ulisikia ukiitwa ama hukusikia?"

Wekulo alimkazia macho usoni, tabia aliyoizoea siku hizi, kabla ya kujibu. "Mama Lo, hata wewe? Nimeshinda nikiulizwa hayo hayo."

Hilo halikuwa jibu, na Everline alilijua. Hakumsukuma, kwa sababu moyoni alikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa upande wa kiwanda. Miaka mitatu sasa mwanamume huyu alikuwa akimsikia anapotaka. Angemwita mara nne kutoka jikoni, kimya. Angemwambia jambo akiwa amempa mgongo, anasonga ugali, kisha ageuke amkute amekaa vilevile, hata nyusi hajainua. Waligombana kwa ajili hiyo mpaka majirani wa ploti yao ya kupanga, hapo Njiru, wakachoka kuchungulia. Everline alikuwa na jina moja tu la mwenendo huo, naye alilitumia bila huruma: dharau. Sasa msimamizi naye amedharauliwa. Karibu chamani.

"Utawaambia nini Jumanne?"

"Nitaomba msamaha. Niseme nilisikia, nikakaidi, haitarudiwa. Mtu akijishusha huwa wanamrudisha."

"Na kama hukusikia?"

"Nilisikia," Wekulo alisema, akaiongeza sauti ya televisheni.

Kazi yake ilikuwa kwenye presi, mashine inayogonga bamba la alumini mara moja na kuligeuza sufuria. Bamba, kishindo, sufuria. Bamba, kishindo, sufuria. Mashine kumi na nane chini ya paa moja la mabati, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, kwa miaka minane. Sufuria nyingi zinazoning'inia kwenye vibanda vya Gikomba zimepita mikononi mwa Wekulo. Siku ya balaa, bamba lilikaa upande, msimamizi akaliona kutoka nyuma akapiga kelele za simama, simama, na Wekulo akagonga. Hakuumia mtu. Kilichopasuka ni chuma, na kwa chuma ndipo barua zinapoandikwa haraka.

*

Kazi ya Everline ilikuwa kusikiliza nyangumi. Cheka ukitaka, wengi wamekwisha kucheka. Binti yake Lorraine, mwenye miaka tisa, aliandika hivyo shuleni katika insha ya kazi ya mzazi wangu, na mwalimu akayakata maneno kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: karani. Pembeni akaongeza kwamba uongo si kipaji. Lorraine alilia kutwa.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Katika ghorofa ya tatu Eastleigh, juu ya duka la mapazia, watu ishirini na sita hukaa na hedifoni masikioni. Mbali huko katikati ya Bahari ya Hindi, wanasayansi wamezamisha vinasa sauti vinavyokaa chini ya maji mwaka mzima vikirekodi. Nyangumi wakubwa huimba kwa sauti nzito ambayo sikio la binadamu halishiki, kwa hiyo rekodi huongezwa kasi mpaka wimbo ukasikika. Everline husikiliza, hutazama picha ya sauti ikipita kwenye kioo cha kompyuta, na kila wimbo unapopita huuchorea kisanduku. Nyangumi wa upande huu wana wimbo wao, wa upande ule wana wao. Nyimbo zikihesabiwa mwaka huu, zikahesabiwa tena mwaka ujao, wenye elimu hiyo hupata kujua kundi lipi linaongezeka na lipi linakwisha, bila kumwona mnyama hata mmoja kwa macho.

Sheria za kazi zilikuwa chache, na Lydiah, kiongozi wa zamu, aliwakaririsha mpaka wakaziota. Meli ikipita juu ya kinasa, mngurumo wake hufunika kila kitu. Hapo usiandike "hakuna nyangumi". "Hakuna" ni neno la mtu aliyesikiliza vizuri akakosa, na wewe meli imekuzuia kusikiliza. Hapo andika "haikusikika". Sheria ya pili ilikuwa mitego. Katikati ya kazi ya kweli waliwekewa klipu za maji matupu, na ukichora kisanduku mahali pasipo na wimbo, umejulikana unabahatisha. Na klipu ya majaribio ambayo watu wote ishirini na sita huipata kila siku bila kukosa, nayo hutupwa. Kipimo ambacho hakuna anayekosa, Lydiah alipenda kusema, hakipimi kitu.

Ijumaa, siku ya pili baada ya barua, Lydiah alisimama mbele akawasomea ujumbe kutoka kwa wenye mradi huko ng'ambo. Waliwashukuru wasikilizaji wa Nairobi. Walisema imebainika kwamba kelele za meli zinawaumiza nyangumi. Mnyama aliyezingirwa na kelele hizo hupunguza kuimba, na hamsikii mwenzake anayemwita hata akiwa karibu. Anaonekana mkaidi kumbe ameelemewa. Basi meli zinazopita njia hiyo zimeombwa zipunguze mwendo, na baadhi zimekubali.

Watu walipiga makofi. Everline hakupiga. Alikuwa amekwama kwenye sentensi moja, hamsikii mwenzake anayemwita hata akiwa karibu. Aliona mgongo wa Wekulo kwenye kochi. Aliona macho yake yakimganda mdomoni kila anapoongea. Aliikumbuka televisheni. Miaka mitatu alikuwa akisikiliza kimya cha mumewe, na kila siku alikuwa akiandika neno lisilo lake.

*

Jumapili mchana, baada ya kanisa, alimwita Wekulo wakae kwenye kochi, akamvika hedifoni. Kwenye simu alikuwa na klipu chache za mazoezi ambazo Lydiah aliwaruhusu kubeba nyumbani.

"Leo usikie huyo mnyama anayetulisha," alimwambia, uso kwa uso.

Lorraine alikaa sakafuni akitabasamu, maana yeye aliwajua wote kwa nyimbo zao. Wekulo aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba cha mkewe. Everline aligusa kioo pembeni ya kitufe, mahali pasipochezesha kitu.

"Eeh," Wekulo alisema. Akatikisa kichwa polepole. "Huyu ana sauti. Kama ng'ombe wa kwetu Kimilili akidai ndama."

"Anaendelea?"

"Anaendelea."

Everline akainua kidole.

"Sasa ameacha," Wekulo akasema.

Tabasamu la Lorraine lilifutika. Everline aliivua ile hedifoni kichwani mwa mumewe kwa mikono miwili, akaishika mapajani.

"Baba Lo, sijacheza kitu."

Wekulo aliyasoma maneno hayo mdomoni mwa mkewe, na ilionekana yalipofika. Mwanamume mzima, mabega ya presi, akawa mdogo kwenye kochi lake mwenyewe. Lorraine ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtoto anayeshangaa kwamba wakubwa hawajui jambo la wazi hivyo.

"Baba hasikii ukimpa mgongo, Mama. Mimi huwa namgusa kwanza ndio aniangalie."

Everline alimtuma dukani akanunue mkate ambao haukuhitajika.

"Tangu lini?" alimuuliza Wekulo walipobaki wawili.

"Sijui. Ilianza na ndege. Nikaona asubuhi za huku Njiru hazina ndege tena. Nilidhani wamehama."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa umekasirika tayari."

Hilo lilimchoma, na alistahili kuchomwa. Kisha hasira ikapata njia yake na kwenda ilikopaswa kwenda. "Na hivyo vipimo? Miaka sita wanaandika masikio mazima, wanampima nani?"

Wekulo alicheka bila furaha. "Kusoma kiwiko."

"Kusoma nini?"

"Kiwiko. Nesi Clare anakuja mara moja kwa mwaka na mashine yake. Hedifoni zake ziliharibika kitambo, siku hizi ni spika tu juu ya meza. Yeye anakaa hapo, wewe unakaa hapa. Akibonyeza, kiwiko chake kinashuka kidogo. Kikishuka unainua mkono. Mtu mpya akija presi, kitu cha kwanza anafundishwa si mashine, anafundishwa kusoma kiwiko."

"Wote?"

"Wote. Kabla nianze kupimwa kuna jamaa alifeli. Hakumaliza wiki. Tangu hapo hakuna mtu amefeli tena."

Everline alisimama akaenda dirishani, akarudi, maana alitaka kupiga kitu na hapakuwa na kitu chake cha kupigwa. Wameyaua masikio ya mtu, wakamfanya aone haya, wakamfanya afiche maiti mwenyewe. Na sasa wamekuja na karatasi kwamba maiti iko hai. Mazima, basi ulisikia. Ulisikia, basi ulikaidi. Ilikuwa imepangwa vizuri hata mtu angependa kumpigia makofi aliyeipanga.

Mlango ulisukumwa. Aliyeingia ni Muoki, fundi wa presi jirani na ya Wekulo, anayekaa ploti ya pili. Alikuwa na kofia mkononi na uso wa mtu aliyekuja kusema kitu kibaya.

"Niaje, ndugu yangu. Shemeji, habari ya hapa." Alikaa kwenye stuli iliyowaelekea wote wawili, akaivuta hata akawaona vizuri. "Nimekuja kuwaambia kabla msikie kwingine. Githinji ameniandikisha shahidi. Nimesaini kwamba nilimsikia msimamizi akiita, na kwamba kama mimi nilisikia, Wekulo alikuwa karibu zaidi."

"Na ulisikia?" Everline aliuliza.

"Shemeji, mimi sisikii hata mashine yangu mwenyewe. Naijua kwa miguu, sakafu ikitingika."

"Halafu ukasaini."

"Karatasi iliwekwa mezani na kalamu juu yake. Ningesema sikusikia, angeniuliza kwa nini."

Hakuna aliyemtukana. Wekulo alimwekea chai, wakaketi watatu. Muoki alipoondoka, Wekulo alimshika mkewe mkono.

"Sikia, Mama Lo. Mkaidi huomba msamaha akarudi. Kiziwi harudi, na hakuna kiwanda kingine kitamchukua. Twende wote Jumanne, nikikosa neno nikuangalie. Lakini usiseme kitu kuhusu masikio yangu. Niahidi."

Everline aliyatazama yale macho yaliyokuwa yakimngoja mdomoni. "Nakuahidi nitanyamaza mpaka umalize kuomba msamaha wako," alisema, na Wekulo, aliyezoea kuchukua nusu ya maneno na kubahatisha nusu, alishukuru.

*

Getini askari aliandika jina la Everline kwenye kitabu, na penye nafasi ya cheo akaandika "mke". Kantini ilikuwa na meza ndefu na viti vya plastiki zaidi ya arobaini, lakini Githinji alisema kikao si cha familia, na kama mama anataka kukaa ndani basi asimame pale mlangoni na asiingilie. Hakuna aliyemwonyesha kiti. Kutoka ng'ambo ya ukuta presi kumi na saba zilizobaki zilikuwa zikigonga, na kila kishindo kilipanda kutoka sakafuni hadi magotini.

Githinji alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Kulia kwake alikaa msichana wa kuandika kumbukumbu. Kushoto alikaa Nesi Clare, mwanamke wa makamo aliyeletwa kuthibitisha vipimo, mashine yake ikiwa mbele yake mezani, kisanduku cha kijivu chenye spika ndogo, maana ilikuwa wiki ya kupima wengine.

Githinji alianza kuongea akisoma, kidevu kifuani, mdomo nyuma ya karatasi.

"Wekulo, umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

Wekulo aliona karatasi ikitikisika, akajua ameulizwa. Alimtazama mkewe, lakini Everline alikuwa mbali mno mlangoni. Akabahatisha.

"Ndiyo, bwana. Nilisikia."

Msichana wa kumbukumbu alicheka puani. Githinji aliinua uso.

"Nimekuuliza miaka, bwana. Hata hapa unanikaidi?"

"Minane, bwana. Samahani."

Kisha akasimama, akaunganisha mikono mbele kama mtoto wa shule, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi tangu Alhamisi. Kwamba alisikia. Kwamba alikaidi. Kwamba ana mke na mtoto, na kiwanda kimemlea, na anaomba kusamehewa kama mzazi anavyosamehe. Everline alisikiliza kila neno akiwa ameuma meno. Alikuwa amesikia viumbe wengi wakilia kwenye ile hedifoni, lakini hajawahi kumsikia mmoja akiomba radhi kwa meli.

"Andika," Githinji alimwambia msichana. "Mfanyakazi amekiri mwenyewe." Akafunga faili. "Umetuokolea muda, Wekulo. Kwa kosa la kukaidi amri na kuharibu mali, unaachishwa kazi kuanzia leo. Mafao hakuna, sheria zetu unazijua."

Wekulo alikuwa bado akitabasamu kwa unyenyekevu. Alikuwa ameliona faili likifungwa, akadhani yamekwisha vizuri.

Everline alitoka mlangoni.

"Ahadi yangu imeisha," alisema. "Nesi, nakuomba umpime sasa hivi."

"Mama, hapa si kliniki," Githinji alisema.

"Na mashine si ile hapo? Barua yako imetegemea masikio ya huyu mtu mara tatu. Mpimeni mbele yako, uone ulichoandika."

Githinji alimtazama Clare, Clare akatazama meza. "Sawa," Githinji alisema, akaegemea kiti. "Mpime. Kesho wasiseme hatukumsikiliza."

Everline alikwenda kwenye kiti cha mumewe, akakigeuza, kikaelekea ukuta. Ndipo Wekulo alipoelewa. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeuzwa sokoni mchana, na Everline aliyapokea macho hayo bila kukwepa, akampapasa bega. Wekulo akaketi, uso ukutani, mikono mapajani.

Clare alibonyeza. Sauti ilitoka kwenye spika, nyembamba na ya wazi, ikasikika kati ya vishindo. Mikono ya Wekulo haikutikisika. Clare akaongeza, akabonyeza tena. Akaongeza. Msichana wa kumbukumbu alikunja uso. Clare aliongeza mpaka kifundo cha sauti kikagoma, na ile sauti ikawakereketa wote meno, na Wekulo alikuwa ameketi kama mtu anayengoja kunyolewa. Clare akaachilia. Kukawa hakuna sauti. Wekulo, aliyeona amengoja mno, akainua mkono.

"Hapo sikuwa nimebonyeza," Clare alisema polepole.

Githinji hakukawia. Watu kama yeye hawakawii. "Kumbe," alisema. "Kwa hiyo miaka sita amekuwa akitudanganya. Anaingia kwenye kipimo anaghushi matokeo. Huo ni udanganyifu, mama, na udanganyifu ni mbaya kuliko ukaidi. Andika, msichana."

"Andika na hili," Everline alisema. "Mko na wangapi presi?"

"Kumi na wanane," Clare alijibu kabla ya Githinji.

"Wangapi wamefeli kwa hiyo miaka sita?"

Clare aliondoa mkono kwenye kisanduku. "Hakuna."

"Hakuna. Kumi na wanane, kwenye hizo kelele, miaka sita, hakuna hata mmoja. Mimi kazi yangu ni kusikiliza, Bwana Githinji. Nasikilizia watu nyangumi, wanyama ambao sitawahi kuwaona, na huko kipimo kisichofelisha mtu hata mmoja tunakitupa siku hiyo hiyo. Huko mnyama akizidiwa na kelele hatuandiki hakuna shida. Tunaandika haikusikika. Na meli zinaambiwa zipunguze mwendo, kwa ajili ya nyangumi. Wewe uliambia mashine gani ipunguze? Hata pamba ya kuziba masikio mlimpa? Ulimpima mtu kwa spika ya mezani huku presi zikigonga, akainua mkono kwa woga, ukachukua woga wake ukaupiga muhuri. Halafu unaniambia amekudanganya."

"Mama, utatolewa nje."

"Nitoe. Nilikuwa mlangoni tayari."

Hapo presi zikanyamaza. Ilikuwa saa nne na nusu, saa ya chai, na Githinji alikuwa amesahau kwamba kikao kiko kwenye kantini. Kishindo cha mwisho kilipotoka sakafuni pakawa na utulivu wa ajabu, hata spika ya Clare ikasikika ikivuma yenyewe. Wanaume waliingia na vikombe vyao, wawili, watatu, wamejaa vumbi la alumini, wakasimama walipomwona mwenzao amekalishwa akitazama ukuta.

Muoki alikuwa wa nne kuingia. Alimtazama Wekulo, akamtazama Clare na kisanduku chake, na hakuhitaji kuelezwa. Aliweka kikombe chini.

"Muoki, vizuri umefika," Githinji alisema. "Wewe ni shahidi. Waambie hawa ulichosaini."

Muoki alikuwa akiusoma mdomo wake, na kila mtu aliona kwamba anausoma. Alivuta kiti cha plastiki, akakigeuza karibu na cha Wekulo, akaketi na uso ukutani. Wekulo aligeuza kichwa, akamwona, akarudi kutazama mbele.

Kisha mwingine akavuta kiti. Mzee wa presi ya kwanza, aliyemfundisha Wekulo kusoma kiwiko, alikwenda na chai yake na kuketi bila kuimwaga. Miguu ya viti ilikwaruza sakafu, na walioikwaruza hawakujua wanapiga kelele. Hakuna aliyeitwa. Githinji alisema warudi, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na migongo haikumjibu. Walipokwisha kuketi, Everline aliwahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yake. Walikuwa kumi na wanane pamoja na mumewe.

"Clare, usiguse hiyo mashine," Githinji alisema.

Clare alikuwa akiitazama ile mistari ya migongo. Miaka sita alikuwa akiwaona kwa uso, wakitabasamu, wepesi wa mikono. Aliweka kidole kwenye kitufe. Kifundo cha sauti kilikuwa bado kimezungushwa hadi mwisho.

Akabonyeza, na hakuachilia. Sauti ilijaza kantini, ikapiga mabati, msichana wa kumbukumbu akaangusha kalamu. Githinji aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Mbele ya ukuta, mikono thelathini na sita ilikuwa imetulia mapajani.

"Sisi tuko tayari kitambo," Muoki alisema, akiwa bado ametazama ukuta. "Nesi, si uanze?"